Sadala wa Mwaka Gani?

Ukipanda Kosta Moshi mjini kwenda Arusha ukamwambia kondakta akushushe Kwa Sadala, hatakuuliza Sadala yupi. Atagonga bodi mara mbili, gari litasimama, utashuka katikati ya mikungu ya ndizi na bodaboda, na jina la Sadala litabaki mdomoni mwa abiria wanaofuata. Mwalimu mmoja mstaafu wa fizikia, ambaye hapa nitamwita Mwalimu tu kwa kuwa hakuna anayemwita vingine, ana mzaha wake juu ya hilo. Anasema Kwa Sadala ni rejeleo lililokatwa mkia: jina lipo, mwaka haupo, ukurasa haupo, na orodha ya mwisho wa kitabu imeliwa na mchwa.

Mzaha huo aliutoa siku ya soko, wakati wa masika, ndani ya steshenari iliyo kando ya barabara kuu. Mimi nilikuwa nimeingia kutoa kopi mbili za kitambulisho. Nilitoka wakati wa magharibi.

Kwenye benchi alikuwapo binti wa Masama anayesomea shahada ya uzamivu, nimwite Mtafiti. Mbele yake laptopu, pembeni chai iliyokwisha kupoa. Karibu naye alikaa shangazi yake, aliyestaafu ukutubi katika maktaba ya chuo. Mwenye duka ni kijana mwembamba ambaye wateja wote, hata wakubwa wake, humwita Mangi. Mwalimu alikuwa amekuja kuchapisha barua ya kikundi cha maji, akaisahau barua.

MTAFITI: Wamenirudishia mswada bila kuusoma, Shangazi. Siku mbili tu! Barua yenyewe ina mistari mitatu: marejeleo hayafuati maelekezo kwa waandishi, rekebisha, tuma upya. Hawakusema utafiti wangu wa vihamba una kasoro. Hawakusema hesabu zangu ni mbovu. Wamekwama kwenye koma. Jarida la kwanza lilitaka jina na mwaka ndani ya mabano, orodha ya mwisho kwa alfabeti. Hili linataka namba ndani ya mabano ya mraba, orodha ifuate mpangilio wa kutokea, waandishi sita wa kwanza watajwe halafu ije "et al.", jina la jarida lifupishwe, mwaka ufuatwe na nukta mkato, kisha juzuu, kisha toleo kwenye mabano, kisha nukta mbili, kisha kurasa. Nina marejeleo sitini na moja.

MKUTUBI: Hiyo ni Vancouver.

MTAFITI: Najua inaitwaje. Sijui ilinikosea nini mimi.

MKUTUBI: Ilikuja kukusaidia, mwanangu, utacheka. Mwaka 1978 wahariri wa majarida ya tiba walikutana mji huo wa Vancouver, Kanada, wakakubaliana kupokea miswada iliyoandikwa kwa namna moja, ili mtu akikataliwa huku apeleke kule bila kupiga chapa upya. Zama za taipureta hizo. Ukikosea ukurasa wa mwisho unaanza karatasi nyingine.

MTAFITI: Basi wamefanikiwa sana. Kuna utafiti ulitoka 2019 kwenye PLOS ONE. Waliuliza watafiti 372 wa nchi 41 wanatumia muda gani kupanga tu mswada ufuate sura inayotakiwa na jarida. Kiwango cha kati kilikuwa saa 14 kwa mswada mmoja, na saa 52 kwa mwaka kwa kila mtu. Wakazigeuza hela: dola 477 kila mswada. Sasa nani ananilipa dola 477?

MWENYE DUKA: Mimi ningekupangia kwa soda moja, dada.

MWALIMU: Na mimi nitaongeza kuni kwenye huo moto. Haya marejeleo ni ugonjwa wa watu wa mezani. Mnamjua Rebmann? Yule mmisionari Mjerumani aliyeuona mlima wetu huu una theluji, tarehe 11 Mei 1848. Habari yake ikachapishwa mwaka uliofuata. Kule London kulikuwa na mwanajiografia anaitwa Cooley. Hakuwahi kukanyaga huku. Lakini alikuwa amesoma kila kilichoandikwa juu ya Afrika ya ndani, na vitabu vyake havikuwa na theluji chini ya jua la ikweta. Akambishia Rebmann kwa miaka. Mmoja alikuwa na macho, mwingine alikuwa na marejeleo, na wakubwa wengi wa London walimwona mwenye marejeleo ndiye msomi. Mpaka von der Decken alipokuja kupanda mwenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1860 ndipo mabishano yakafa. Na babu zetu muda wote huo walikuwa wanaitazama theluji kila asubuhi wakienda kukata majani ya ng'ombe.

Hapo Mtafiti alipiga makofi. Mkutubi hakupiga. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, jambo ambalo nadhani wakutubi wote hulifanya wanapojiandaa kumkosoa mtu kwa heshima.

MKUTUBI: Mwalimu, umesema tarehe 11 Mei 1848. Umejuaje?

MWALIMU: Imeandikwa.

MKUTUBI: Na Cooley alivyobisha, umejuaje?

MWALIMU: Nayo imeandikwa.

MKUTUBI: Basi umemhukumu Cooley kwa marejeleo. Babu zetu waliiona kabla ya wote, ni kweli. Ila hakuna aliyeandika ni babu yupi, wa kijiji gani, alimwambia nani. Ndiyo maana leo tunamtaja Rebmann, na wao tunawaita "wenyeji".

Mwalimu alikohoa, akauliza kama kuna chai nyingine.

Niseme mapema nilipokuwa nimesimama, maana mjadala usio na upande hunichosha. Nilikuwa na Mtafiti kwenye koma, na Mkutubi kwenye mengine yote. Hakuna ukweli wa dunia unaobadilika kwa nukta kukaa kabla au baada ya mabano. Mwandishi anayetoa machozi juu ya hati mlazo anatolewa machozi bure, na majarida mengi yamekwisha kutambua hilo: siku hizi hupokea mswada kwa mtindo wowote mara ya kwanza, mradi marejeleo yawe kamili na yafanane, sura ya jarida ije baadaye makala ikishakubaliwa. Wanaoendelea kurudisha kazi ya mtu kwa ajili ya nukta mkato wanastahili masika yote ya Masama yawanyeshee. Lakini kuna kitu kimejificha nyuma ya koma, na Mwenye duka ndiye aliyekifichua, bila kukusudia.

MWENYE DUKA: Mnabishana kama hakuna mashine. Dada ana programu ya Zotero humu, ya bure kabisa. Unachagua mtindo, unabofya, sitini na moja zote zinageuka. Tazama.

Alibofya. Kweli zikageuka. Mabano ya mviringo yakawa ya mraba, majina yakawa namba, orodha ikajipanga upya. Kazi ya saa kumi na nne ikaisha kabla umeme haujapata wasaa wa kukatika. Mwenye duka akasimama nyuma ya kiti, mikono kiunoni, kama fundi aliyewasha jenereta ya kijiji. Ndipo Mkutubi akasogeza kiti na kuanza kusoma orodha kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anayechambua mchele.

MKUTUBI: Namba 14 na namba 15. Hawa ni watu wawili?

Tulisogea. Namba 14 ilikuwa makala inayojulikana na kila anayeandika juu ya kihamba: ya mwaka 1984, katika jarida la Agroforestry Systems, juzuu ya 2, inayoeleza shamba la Mchagga lenye ghorofa zake za mimea, miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, na mboga na majani ya mifugo chini kabisa. Waandishi: Fernandes ECM, Oktingati A, Maghembe J. Namba 15 ilikuwa ndugu yake, mwaka huohuo, jarida hilohilo, juzuu hiyohiyo, juu ya aina za mimea katika mashamba ya wilaya hii ya Hai, mimea zaidi ya mia moja yenye matumizi. Mwandishi wa kwanza: O'kting'ati A.

MTAFITI: Ni mtu mmoja, Shangazi. Programu imenyonya majina kutoka kwenye tovuti. Huku yamekuja na ritifaa, kule bila.

MKUTUBI: Mashine inahesabu kwa herufi, mwanangu. Kwake hawa ni watu wawili, na kila mmoja amefanya nusu ya kazi. Siku mtu akitaka kujua msomi huyu amenukuliwa mara ngapi, atahesabiwa nusu. Hilo ni jina la mtu, tena mtu aliyekuja kuhesabu miti ya wilaya yako kabla hujazaliwa. Ng' si n na g. Andika Bomang'ombe bila ritifaa uone kama ng'ombe hatageuka mdudu mwingine.

MWALIMU: Bomangombe! Kama jina la dawa ya viroboto.

MTAFITI: Mwenzangu wa ofisini ana balaa lake. Yeye anatumia LaTeX, na mtindo wake unashusha herufi kubwa zote za kichwa cha makala isipokuwa ya kwanza. Usipofunga neno kwa mabano ya mawimbi, Kilimanjaro linatoka kwa k ndogo. Alichapisha tasnifu nzima mlima ukiwa umeshushwa hadhi.

Kicheko. Mtafiti mwenyewe alirekebisha namba 14 kwa mkono, akaongeza ritifaa mbili. Nikaona hakulalamika tena juu ya muda.

Walikaa kitambo kwenye majina, na ilistahili, kwani mitindo yote hii imejengwa juu ya dhana kwamba kila binadamu ana jina lake na jina la ukoo, na la ukoo ndilo la kumfungulia mlango. Kwa Mchagga dhana hiyo inafanya kazi kupita kiasi. Kwa nje inaonekana barabara: Swai, Massawe, Mushi, Lema, Kimaro. Lakini Swai E ni nani? Panda Machame uite "Swai E" barabarani uone ni wangapi watageuka. Kwa mtu wa Pwani ni kinyume: jina la mwisho ni la baba au babu, si la ukoo, na kumwita msomi kwa jina hilo peke yake ni kumnukuu mzee wake ambaye pengine hakuandika hata barua. Mkutubi alisema maktabani kwake walikuwa na kadi mbili kwa kila mwandishi wa Zanzibar, moja kwa jina la kwanza na moja kwa la mwisho, ili msomaji asipotee. Tangu 2012 kuna namba za ORCID, kila mtafiti na yake, na Mtafiti anayo. Aliisoma kwa sauti, tarakimu kumi na sita. Mwalimu akasema inafanana na namba ya kulipia luku.

Kisha ukaja ubishi ambao mimi niliuona ndio kiini: namba au mwaka?

MTAFITI: Mimi kwa kweli mtindo wa namba nimeanza kuupenda. Sentensi inapumua. Badala ya mabano yenye majina matano katikati ya wazo, unaweka [7], unaendelea na safari.

MKUTUBI: Nisomee hiyo sentensi yenye saba.

Aliisoma. Ilikuwa katika utangulizi, pale anapoeleza mabadiliko ya tabianchi mlimani, na ilisema kwamba barafu ya Kilimanjaro inatarajiwa kutoweka ndani ya miongo miwili ijayo [7].

MKUTUBI: Saba ni nani?

MTAFITI: Thompson na wenzake, jarida la Science.

MKUTUBI: La lini?

MTAFITI: La… 2002.

Kimya kidogo. Mwalimu aligeuka dirishani kutazama mlima, lakini mawingu yalikuwa yameufunga.

MKUTUBI: Miongo miwili kutoka 2002. Wale walisema barafu ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Imekwisha?

MTAFITI: Haijaisha. Imepungua vibaya sana, ila ipo.

MKUTUBI: Wala sisemi walikuwa wajinga. Walirudi tena 2009 na vipimo vipya: asilimia 85 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 ilikuwa imekwenda kufikia 2007. Wengine nao, kina Kaser na Cullen, wakaandika kwamba sababu si joto peke yake, ukame wa hewa ya huko juu una sehemu kubwa. Huo ni mjadala wa watu wazima. Lakini wewe umeandika "ijayo" ukamficha Thompson nyuma ya saba. Ungeandika (Thompson na wenzake, 2002), jicho lako lingeshtuka lenyewe. Mwaka ndani ya mabano ni kama tarehe kwenye kopo la maziwa.

Sidhani kuna aliyepata kunieleza tofauti ya mitindo hii miwili kwa uwazi zaidi ya hapo. Inasemekana mtindo wa jina na mwaka, ule unaoitwa Harvard, ulianza na mtaalamu wa wanyama, Edward Laurens Mark, katika makala ya 1881 kuhusu konokono asiye na gamba. Chochote kilichomsukuma, alimpa msomaji saa ya ukutani ndani ya kila sentensi. Namba inatunza nafasi na kuipumzisha sentensi, mwaka unaonya. Katika tiba, ambako makala moja hubeba marejeleo mia, naelewa kwa nini wahariri walichagua namba. Kwa anayeandika juu ya kitu kinachoyeyuka, ningedai mwaka. Ila jarida halikumuuliza yeye, wala halikuniuliza mimi. Mtafiti aliifuta "ijayo", akaandika upya kwa mwaka ndani ya sentensi yenyewe, kisha akaacha [7] ikae mwisho. Hakuna sheria ya Vancouver inayokataza hilo.

MWENYE DUKA: Lakini si watu wananukuu bila kusoma hata hivyo? Mimi naona humu. Mteja anakuja na tasnifu ya rafiki yake, ananiambia: Mangi, chukua marejeleo haya, yabandike kwangu.

MKUTUBI: Wamekwisha kukamatwa. Simkin na Roychowdhury, California, mwaka 2003. Walichukua makala moja mashuhuri iliyonukuliwa mara 4,300 hivi, wakatafuta waliokosea kuandika juzuu au ukurasa. Wakapata makosa 196. Ila makosa yaliyo tofauti yalikuwa 45 tu, na kosa moja la namba ya ukurasa lilikuwa limejirudia mara 78. Watu 78 hawawezi kuteleza kwenye tarakimu ileile kila mmoja kivyake. Walinakiliana. Wakakadiria kwamba labda mmoja kati ya watano ndiye anayesoma anachokinukuu.

MWALIMU: Wanafunzi wangu hao. Swali la nne wote wamekosa, tena wamekosa vilevile.

MKUTUBI: Na kuna lililonichekesha zaidi, maana linahusu kupanga kwenyewe. Kampuni moja kubwa ya uchapishaji iliweka katika maelekezo yake rejeleo la mfano, kuonyesha koma zikae wapi: Van der Geer na wenzake wawili, mwaka 2000, makala juu ya sanaa ya kuandika makala ya kisayansi. Makala hiyo haijawahi kuwapo. Jarida lililotajwa halipo. Ilikuwa sampuli. Watu wakasahau kuifuta kwenye kiolezo, wengine wakaiweka kabisa, na mpaka profesa mmoja wa Leiden alipoifuatilia, kitu hicho kisichokuwapo kilikuwa kimenukuliwa katika makala karibu 400. Koma zote zimekaa mahali pake!

MTAFITI: Ndiyo hoja yangu, Shangazi! Umbo linakaguliwa, kitu hakikaguliwi.

MKUTUBI: Ndiyo. Hapo hatugombani.

MWENYE DUKA: Na sasa hivi ni balaa, maana wanaletewa na akili mnemba. Mwezi uliopita nilichapa orodha ya kurasa tatu, nzuri kama hati ya kiwanja. Nikawa na bando, nikasema ngoja nibofye viungo vyake vya DOI. Cha kwanza kikanipeleka kwenye makala ya samaki. Cha pili hakikufunguka. Mwenye kazi alikuwa anaandika juu ya riba za vikoba.

Mwalimu alikuwa amekaa kimya muda mrefu, na nilijua anapanga kurudi ulingoni. Alirudi na Mpemba. Mwalimu wa fizikia wa Kitanzania akishindwa hoja hurudi na Mpemba, na sijui kwa nini asirudi naye.

MWALIMU: Erasto Mpemba. Mwaka 1963, mvulana wa sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanatengeneza aiskrimu, anaweka maziwa ya moto kwenye friza kabla hayajapoa, yake yanaganda kabla ya yaliyopoa. Anauliza, anachekwa. Anakwenda Mkwawa, Iringa, anakuja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, anauliza tena, wenzake wanacheka tena. Osborne hakucheka, alikwenda kupima. Mwaka 1969 makala ikatoka katika Physics Education, juzuu ya 4, ukurasa 172. Sasa nauliza: kijana yule alikuwa na marejeleo gani? Alikuwa na ndoo ya aiskrimu.

MKUTUBI: Mwandishi wa kwanza nani?

MWALIMU: Mpemba.

MKUTUBI: Na anwani yake iliandikwa ya wapi?

Hapa Mwalimu alitabasamu, kwani alikuwa anajua, na alikuwa amelitunza hilo kwa ajili ya mwisho.

MWALIMU: Chuo cha wanyamapori, Mweka. Moshi. Hapo juu tu.

MKUTUBI: Basi fikiri, Mwalimu. Aristotle alikwisha kuligusa jambo la maji ya moto kuganda upesi, na Bacon, na Descartes. Mpemba hakuwajua, na hakuna anayemlaumu. Lakini waliokuja baada yake wote wamelazimika kumwandika. Mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walipima upya wakasema hawaoni ushahidi kwamba jambo hilo lipo. Hata hao, jina lake liko kwenye kichwa cha makala yao. Mwaka uliofuata wengine, Lu na Raz, wakalitetea kwa hesabu katika mifumo mingine kabisa, nao wakamwandika. Mtoto aliyechekwa darasani, leo ukitaka kumpinga sharti umtaje kwanza, kwa usahihi, na juzuu na ukurasa.

MTAFITI: Na kichwa cha makala yenyewe?

MWALIMU: Neno moja. "Cool?" Lina alama ya kuuliza.

Mtafiti aliitafuta kwenye tovuti mbili tatu. Mahali pamoja alama ya kuuliza ilikuwapo. Mahali pengine ilikuwa imeanguka, limebaki neno tupu. Mwalimu alilitazama kwa muda. Ukiondoa alama ile, alisema, umemfanya Mpemba aonekane anajua jibu.

Saa kumi na moja jioni akina mama walianza kufunga mikungu iliyobaki na fuso la mwisho likawa linapakia. Yalibaki marejeleo mawili. La kwanza lilikuwa jepesi: makala ya Masao ya 1974 juu ya umwagiliaji Uchagani. Mtafiti alikuwa ameandika Tanganyika Notes and Records. Mkutubi akamwambia toleo maalumu la Kilimanjaro la 1965 ni Tanganyika, hili la 1974 ni Tanzania. Ukilichanganya utampeleka mtu kwenye rafu isiyo yake. Likarekebishwa.

La pili lilikuwa namba 38, na namba 38 ilikuwa tupu.

MTAFITI: Huyu ni mzee wa kule kwetu Masama. Nilikaa naye siku tatu. Alinipeleka kwa miguu mpaka kwenye banio la mfongo, ule mfereji wao wa maji, akanitajia aliyeuchimba, ukoo wake, nani alirithi zamu ya maji, na ugomvi ulioamuliwa na nani. Nusu ya sura yangu ya nne ni ya kwake. Jarida linasema mazungumzo ya ana kwa ana hayaingii kwenye orodha. Yatajwe ndani ya mabano tu, na ikiwezekana yaepukwe.

MWALIMU: Wakati mmisionari Gutmann, aliyekaa na wazee kama huyohuyo, kitabu chake cha 1926 kinaingia kwenye orodha na mapambo yake yote.

MKUTUBI: Hata Marealle, kwa kuwa aliandika. *Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera*, 1947, kinaingia, ila watakudai utafsiri jina lake kwenye mabano ya mraba. Aliyesema tu, haingii. Na bado, mfongo wenyewe si unaitwa kwa jina la aliyeuchimba? Wazee walikuwa na mtindo wao wa marejeleo: maji yanapopita, jina linapita.

MTAFITI: Kwa hiyo nifanyeje?

MKUTUBI: Kuna mkutubi mmoja wa Kanada, Lorisia MacLeod, wa watu wa asili wa kule. Mwaka 2021 alichapisha violezo vya kumnukuu mzee kama chanzo kamili, ndani ya orodha: jina, taifa lake, anakoishi, alichofundisha, tarehe. Kanada ileile ya Vancouver, ona. Kwetu ungeweka jina, ukoo, kijiji, mfongo, tarehe. Mhariri akikataa, akatae kwa maandishi.

Nilidhani tumemaliza. Mtafiti alikuwa ameweka vidole kwenye kibodi, lakini hakuandika.

MTAFITI: Lipo tatizo jingine. Fomu ya ridhaa aliyoitia saini inasema jina lake halitatajwa. Kamati ya maadili ndiyo iliyotaka hivyo. Nilipomsomea kifungu hicho aliniuliza: kwa nini lisitajwe, nimeiba?

Hakuna aliyejibu. Mkutubi alirudisha miwani usoni, Mwalimu akakumbuka barua yake ya kikundi cha maji. Nje kondakta alikuwa akiita Sadala, Sadala, Sadala, na taa za fuso zikapita ukutani. Kwenye kioo cha laptopu kishale kilipepesa baada ya namba 38 na nukta yake.

MWENYE DUKA: Dada, nafunga. Niache wazi au nizime?